Mama mzazi aingie kwenye bima ya nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tunafundisha shule moja ya msingi ya serikali wilayani Mpwapwa, na wote tunakatwa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mume wangu ameandikisha watoto wetu watatu na mama yake, ambaye ana kisukari. Mama yangu ana presha, lakini mume wangu anasema nafasi zimejaa. Mimi sijaandikisha mtu, kwa sababu niliambiwa watoto wako kwa baba yao. Je, ni haki tukatwe wawili halafu familia itibiwe kwa makato ya mmoja?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nafasi ya mama yako ipo, tena ipo kwenye makato yako mwenyewe.

Kila mwezi unakatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 3. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, wewe unatoa 24,000 na serikali inatoa 24,000. Fedha hiyo inaingia kwa jina lako. Wewe ni mwanachama mchangiaji, si mtegemezi wa mumeo, na ndiyo maana huwezi kuomba usikatwe kwa kuwa yeye anakatwa. Mchangiaji anaruhusiwa mwenza wake na wategemezi wanne, na wazazi wa pande zote mbili wanakubalika. Mumeo amejaza nne zake, hajakosea. Nne zako ziko wazi, na mama yako ananunua dawa za presha kwa hela ya mfukoni.

Naomba usichelewe, na nitakwambia kwa nini. Mama yangu alilazwa kwa ugonjwa wa figo nikiwa na miaka kumi na miwili kazini. Dirishani nikaulizwa kadi yake. Sikuwa nayo. Fomu ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, ofisi ya walimu, imejazwa, imebandikwa picha, haijagongwa muhuri. Cheti changu cha kuzaliwa kilimwita Zaina, kitambulisho chake kilisema Zainabu. Niliambiwa nilete kiapo cha jina, nikasema nitaenda likizo. Likizo tatu zikapita. Kaka yangu aliuza mbuzi wanne tukalipa. Herufi mbili tu, mwanangu.

Kwa hiyo leo jioni toa cheti chako cha kuzaliwa, maana hicho ndicho kinachothibitisha kwamba huyu ni mama yako. Kilinganishe na kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Vikipishana, nenda kwa wakili au mahakamani ukaape kabla ya kujaza chochote. Vikilingana, jaza fomu, weka picha yake, mwajiri aigonge muhuri, kisha uifuatilie wewe mwenyewe mpaka ofisi ya NHIF. Usimpe mtu akupelekee. Kama baba yako yu hai, mwandikishe siku hiyo hiyo.

Watoto waacheni walipo. Nimeona wanandoa wakihamisha watoto huku na huko, kadi moja inafungwa kabla nyingine haijatoka, na mtoto anapata homa katikati.

Jambo jingine ambalo walimu wengi wanalichanganya: ile asilimia 2 ya CWT, Chama cha Walimu Tanzania, kwenye hati yako ya mshahara ni ada ya chama. Haikutibu. Na zile za kufa na kuzikana mnazochangishana ofisini ni upendo wenu ninyi kwa ninyi, hospitali haizijui. Soma hati yako kila mwezi, uone mstari wa NHIF umo.

Tena ukistaafu, bima inabaki kwako na kwa mwenza wako. Wazazi wanatoka. Miaka uliyobakiza kazini ndiyo miaka ya mama yako kutumia kadi hiyo, na kwa presha atahitaji kliniki mara kwa mara.

Ukipata kadi yake, niandikie. Nitafurahi kujua.