Dogo, kabla hujauliza kisu, umemwambia nani?

Nimesoma swali lako nikiwa nakula, nikasukuma sahani pembeni. Una miaka 17, umechoka na simu, shule na kelele za watu, unataka kuingia porini ukaishi peke yako "mpaka nitakapoona inatosha". Unauliza kisu gani, hema au turubai, chakula cha namna gani. Sawa. Halafu mwishoni, kama kitu cha kupitia tu, umeandika: "Simwambii mtu, wataniharibia."

Hapo ndipo palipotaka kuniua mimi.

Nilikuwa na umri wako. Nilimdanganya mama kwamba likizo naenda kwa kina rafiki yangu, wiki 2. Rafiki mwenyewe sikumwambia kitu. Simu nikaizima nikaificha chini ya godoro, nikajiona shujaa. Kichwani nilikuwa na video za yule bwana anayelala pangoni na kutafuna mizizi, anaapa yuko peke yake. Imenichukua miaka kujiuliza: anapotembea kwa mbali mpaka anapotelea mlimani, kamera inarudiwa na nani? Tapeli mkubwa. Hajawahi hata siku moja kutuonyesha anavyoaga nyumbani. Kama unamfuatilia, mtoe leo.

Siku 5 za kwanza zilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Siku ya 6 asubuhi nikashuka kijitoni kuchota maji, nikakanyaga jiwe lenye utelezi wa kijani. Nilisikia "tak!" kwanza, maumivu yakafuata. Nimekaa majini kama mtoto kwenye beseni, naitazama sufuria yangu inaelea taratibu, inaniaga. Kifundo kikavimba hadi kiatu kikagoma kutoka. Nikakata kamba zake kwa kisu changu cha kifahari, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana kilichowahi kufanya.

Sufuria imeondoka, maana yake hakuna kuchemsha. Nikanywa maji mabichi. Siku ya 8 tumbo likaanza, na kukimbilia kichakani kwa mguu mmoja ni mchezo ambao sikutakii. Usiku mvua. Wala hakukuwa na barafu, lakini nguo zilizolowa zinanyonya joto la mwili hadi meno yanagongana yenyewe.

Ila kilichonitesa kuliko vyote ni hesabu. Usiku kucha nahesabu: mama atashtuka siku ya 15. Atampigia rafiki yangu, naye atashangaa, "Hajafika huku!" Baada ya hapo waanzie wapi kunitafuta? Stendi? Kwa mchumba ambaye hata sikuwa naye? Uongo wangu mwenyewe ulikuwa umewageuza watu wote waangalie upande mwingine.

Siku ya 11 nikasikia watu wanaita. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Akatokea mzee na mjukuu wake. Walikuwa wanatafuta mbuzi. Mbuzi alikuwa amepotea tangu asubuhi, tayari ana watu 2 nyuma yake. Mimi nina siku 5 niko chini, sina hata mmoja. Mzee akanibeba mpaka mahali penye mtandao, akanipa simu yake nimpigie mama. Akapokea kwa furaha kabisa: "Mwanangu! Mnaendeleaje huko? Nisalimie mama yake rafiki yako."

Na usiniambie wewe ni mzoefu. Aron Ralston alikuwa mpanda milima haswa. Mwaka 2003 aliingia kwenye korongo huko Utah, Marekani, hakumwambia mtu anakokwenda. Jiwe likambana mkono wa kulia, akakaa saa 127, mwisho akaukata mwenyewe. Kisu alikuwa nacho, dogo. Butu, lakini alikuwa nacho.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika unaingilia wapi, unalala wapi, unatokea wapi, siku gani na saa ngapi. Saa hiyo ikipita, apigiwe nani. Usimpe rafiki wa kukutunzia siri, huyo atakutunzia hadi mazishini. Mpe mtu mwenye mdomo: shangazi, jirani, mtu ambaye ukichelewa nusu saa anaamsha mtaa mzima. Na ukishaandika njia, usiibadilishe kwa sababu umeona kilima kizuri. Usiku mmoja kwanza, siyo "mpaka nitakapoona inatosha". Na kama kinachokukimbiza ni mtu hapo nyumbani, basi hilo si suala la pori. Tafuta mtu mzima unayemwamini umwambie wiki hii hii.

Uliuliza nini tena? Kisu. Chochote chenye makali. Hema na turubai wadau wengine watakujibu. Wewe rudi hapa uniambie karatasi umempa nani.