Kabla ya masika, tazama ngema iliyo nyuma ya nyumba

Desemba 3, 2023 tope liliteremka kutoka mlima Hanang likaingia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Hapa Pemba tuliwaombea dua, kisha wengi tukasema hayo ni mambo ya kwenye milima mikubwa. Kweli vilima vyetu ni vifupi. Lakini ngema, yaani ukuta wa udongo uliosimama wima, hata ikiwa ya mita tatu tu, ikikiangukia chumba wanamolala watoto, inatosha kuua.

Jamaa zangu huku wilayani Mkoani wakitaka kununua kiwanja huniita tukakitazame, nami huanzia nyuma. Watu huchonga kilima wapate pahala pa kujengea, udongo ukabaki umesimama wima hatua mbili tu kutoka ukutani. Kilichokuwa kikiuzuia kimeshachukuliwa na gari la kifusi.

Udongo ukishiba maji huwa mzito na haushikani tena. Ndiyo maana nahofia zaidi mvua ya mfululizo ya siku kadhaa kuliko mvua kubwa ya saa moja, na hofu hainitoki hata jua likitoka, kwani maji bado yamo ndani.

Panda juu ya ngema utafute ufa unaofuata ukingo. Ukiuona, chomeka kijiti kila upande, pima baina yake kwa uzi, na urudi kupima kila siku. Nafasi ikiongezeka, hameni, msingoje wikiendi. Mkarafuu uliokuwa wima ukainama, mlango ulioanza kukwama, maji ya tope yanayochuruzika pasipokuwa na chemchemi: yote hayo yana uzito uleule.

Linaloniumiza zaidi ni karo, shimo la maji machafu, kuchimbwa juu ya mteremko, na maji ya bati kuachwa yamwagikie ukingoni. Hapo kilima kinanyweshwa hata kiangazi. Chimba mtaro juu ya ngema uyapeleke maji pembeni, lakini zungumza kwanza na jirani wa chini, yasije yakamwangukia yeye. Mikarafuu na mianzi ya mtelemkoni iacheni, mizizi yake inashika udongo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, wazee na watoto walale vyumba vya mbele, au bora kwa jamaa aliye mbali na mteremko. Kubalianeni na wenye nyumba hiyo mapema, mwezi wa pili, na sheha, kiongozi wa mtaa wenu, ajue mtakuwa wapi. Mkisikia usiku mngurumo au miti ikivunjika, tokeni mwende pembeni, nje ya njia ya udongo, msikimbilie bondeni. Vyombo viacheni.