Shangazi, mume wangu ameniacha kwenye RV anazunguka jangwani na mjane

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 65, mume wangu 68, tunaishi Marekani. Nilikuwa nesi wa zamu ya usiku, yeye dereva wa malori ya masafa marefu. Tulipostaafu tukapangisha nyumba tukanunua RV, lile gari kubwa lenye chumba cha kuishi ndani, sasa kila baridi ikianza tunashuka Arizona, tunapaki jangwani karibu na mji wa Quartzsite mpaka mwezi wa nne. Amelipa dola 180 za msimu mzima, hakuna umeme wala bomba, naona aibu hata kuwaambia ndugu. Kila asubuhi ananiita twende milimani, miguu yangu haitaki, basi anaenda na mama mmoja mjane wa gari la jirani, au peke yake. Juzi mchana nimemkuta nje mbele ya mlango wetu anatumia kitana changu kumtoa huyo mama miiba kwenye suruali! Na sasa ameanza uongo. Wiki jana karudi saa tisa mchana midomo imemkauka, eti alipotea kwenye njia anayoipita kila siku, namuuliza alikuwa wapi anajibu vitu havieleweki. Jioni akajifanya hakumbuki kabisa. Watoto wanasema nirudi mjini nimwache huko huko. Nifanyeje?"

Marahaba bibie, ingawa kwa umri huo mimi na wewe tungesalimiana tu habari za asubuhi. Pole. Jangwa si la kila mtu, mchana jua usiku baridi ya kuuma mifupa, na ndani ya gari hata pa kununia hakuna. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa tuongee.

Tuanze na kitana maana naona ndicho kilichokuuma zaidi. Huko mliko kuna ile kaktasi inaitwa cholla, kipande chake kinang'oka ukikigusa tu, na miiba yake ina vindoano vidogo vidogo, ukijaribu kukitoa kwa vidole kinahamia kwenye vidole. Ndiyo maana wazoefu wa huko wanatembea na kitana mfukoni, unakipitisha chini ya lile donge unalirusha mbali. Kwa hiyo shemeji alikuwa anang'oa miiba, tena nje, mchana kweupe, mbele ya mlango wa gari lako. Mwanaume mwenye mambo yake hafanyii hapo. Kosa lake ni kutokununua kitana chake mwenyewe, mwambie hivyo yaishe.

Halafu hiyo "kila asubuhi ananiita" umeiandika haraka ukapita, mimi nimesimama hapo hapo. Mume wa miaka 68 anakuamsha kila siku twende, wewe kila siku miguu, miguu, na hakuna mahali umeniambia miguu ina ugonjwa gani. Na iliyokubeba miaka yote ya mkesha wodini si miguu hiyo hiyo? Hutaki tu kwenda, ni haki yako, ila usiseme umeachwa. Hujaachwa, umekataa kwenda.

Na hizo dola 180 unazoonea aibu! Kile ni kibali cha serikali cha kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, wastaafu wengi tu wanateremka huko kukimbia theluji na wala si kwamba wameshindwa maisha. Nikuulize kitu kingine, tangi la choo likijaa nani anavaa glavu akaenda kumwaga? Nani anajaza maji? Barua nzima hukusema, na mwanamke anayefanya kazi hiyo asingeacha kuisema, ingekuwa ndiyo sentensi ya kwanza.

Ninachokiona mimi ni kwamba nyinyi hamjawahi kuishi pamoja. Yeye barabarani, wewe usiku wodini, mmekuwa kama walinzi wawili wa geti moja, huyu akiingia yule anatoka, ndoa ikaenda vizuri kwa sababu hamkuonana vya kutosha kugombana. Sasa mmefungiwa kwenye chumba cha mita chache chenye magurudumu na ndio mnaanza kujuana, vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Na hili si lenu peke yenu, ndoa nyingi za siku hizi ziko hivi, watu wanapanga pensheni, wanapanga bima, wanapanga hadi rangi ya viti vya gari, lakini hakuna anayekaa na mwenzake kumuuliza wewe ukiamka asubuhi huna kazi unataka kufanya nini? Matokeo yake mmoja anataka mlima mwingine anataka netiweki ya kuongea na wajukuu, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye kabadilika. Watoto nao wanaingiza mdomo. Hao wanaokwambia umwache baba yao jangwani, samahani, waangalie vizuri kama hawatafuti mlezi wa bure.

Ila kuna jambo moja kwenye barua yako limenitoa jasho na wewe umeliweka kama ushahidi wa uongo. Mtu wa miaka 68 kachelewa kurudi, midomo imekauka, kapotea njia anayoijua, anaongea visivyoeleweka, jioni hakumbuki. Nesi mzima! Angekuwa mgonjwa wa kitanda namba sita usingemuuliza alikuwa na mwanamke gani, ungekimbilia kumpima. Wivu umekufumba macho uliyosomea. Unajua kuliko mimi kwamba mtu akizeeka kiu inachelewa kuja, mwili unakauka yeye hana habari. Anakunywa dawa za presha zile za kukojosha? Anabeba maji kiasi gani? Huko wanahimiza si chini ya lita 4 kwa mtu kwa siku, na ukitembea kwenye jua unaongeza, tena si maji matupu, na kitu cha chumvi pia, maana chumvi ikishuka kichwa kinavurugika vile vile. Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa kumbukumbu zenyewe zimeanza kuteleza. Mimi si daktari. Lakini siku kama ile ikijirudia, kachanganyikiwa na mwili wa moto, hakuna kumhoji, unamweka kivulini unammwagia maji unampepea huku 911, namba ya dharura ya huko, imeshapigwa.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwenye mjane na kambi niko na shemeji. Kwenye kutembea peke yake siko naye hata kidogo, na hapo ndipo ungegombana ningekupigia makofi. Wiki hii hii mpeleke kwa daktari, na ukae naye mle ndani ueleze mwenyewe ulichokiona, kwa sababu yeye atasema yuko safi. Mpaka daktari aseme neno, haendi mlimani peke yake, akinuna anune. Baada ya hapo kila akitoka aache karatasi mezani, njia gani, atarudi saa ngapi, ikipita saa hiyo wewe unaanza kupiga simu bila kuona haya. Maji yakifika nusu anageuza hata kama kilele anakiona. Na kwa kuwa simu huko makorongoni mara nyingi haishiki, nunueni kale kadude ka kutuma ujumbe kwa satelaiti, pesa ya kodi ya nyumba mnaipata.

Yule mjane usimnunie, mkaribishe chai. Akitembea na mumeo ndiye mtu pekee anayeweza kukwambia kama alishaanza kusahau njia kabla ya wiki jana, na pengine anajiuliza akwambieje.

Halafu na wewe utoke mara moja moja. Pale kwenye hifadhi ya Kofa kuna korongo la Palm Canyon, njia fupi haifiki kilomita 2 kwenda na kurudi, ina mawe lakini mnaenda polepole, mnaangalia mitende iliyojificha kwenye ufa wa mlima mnarudi. Usiende kumlinda, nenda umuangalie anavyokanyaga, anavyoitafuta njia, unajua cha kuangalia. Habari za kurudi mjini tutaongea ukishaniandikia daktari kasemaje.