Kwa kamishna mpya wa ligi ya fantasi ya NBA: mwangalie anayeshika mkia

Kwenye ligi ya fantasi ya NBA, kila mtu anajiundia kikosi cha wachezaji halisi wa kikapu cha Marekani, kila wiki anakutana na mwenzake mmoja, na takwimu za wachezaji hao uwanjani ndizo zinazoamua nani ameshinda. Ligi ya namna hiyo haifi Oktoba. Oktoba kila mtu yupo, grupu la WhatsApp linawaka, tambo mpaka usiku wa manane. Inakufa Januari, pale watu wawili watatu wa mkiani wanapoacha kufungua programu. Vikosi vyao vinabaki na majeruhi, na kila anayekutana nao anaokota ushindi wa bure. Aliyekutana nao Novemba, walipokuwa bado wanapambana, anakosa mchujo kwa tofauti ndogo, na hapo ndipo matusi yanapoanza. Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa ukamishna msimu huu, kila kanuni unayoiandika jiulize kwanza: itambakiza aliye wa mwisho au itamfukuza?

Wengi utakaowaalika wametokea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Huko kila mtu anaweza kuwa na Haaland wake, ligi inabeba hata watu mia, na ukisahau kupanga timu unaumia peke yako. Kwenye kikapu mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Nikola Jokić akishachukuliwa, amechukuliwa. Waeleze hilo mapema, maana ndilo linaloamua idadi ya watu. Watu 10 wenye wachezaji 13 kila mmoja wanamaliza wachezaji 130. NBA ina timu 30, na kila moja ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida, lakini wanaopata dakika za maana uwanjani ni wachache sana kuliko hao. Ukijaza watu 14, mtu akiumiziwa nyota wawili hana wa kuokota, na huyo ndiye wa kwanza kuingia mitini. Wakijitokeza 20, tengeneza ligi mbili za watu 10.

Kwenye hesabu ya ushindi, wengine hujumlisha kila kitu kuwa pointi. Ni rahisi kueleweka, ila mimi napendelea vipengele tisa: pointi, ribaundi (kudaka mpira wa mtupo uliokosa), asisti, kupora mpira, bloku (kuuzuia mtupo wa mpinzani), mitupo ya tatu iliyoingia, asilimia ya mitupo ya uwanjani, asilimia ya mitupo huru, na kupoteza mpira. Kuna ufundi humo. Ukiwa na Giannis Antetokounmpo, anayepiga mitupo huru mingi na kukosa mingi, unaweza kuamua kipengele hicho umekisamehe na ukajenga vingine. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Weka mpangilio ambao kila kipengele kinahesabiwa kwenye msimamo, kwa hiyo aliyefungwa 5–4 anaondoka na vinne vyake. Kwa mtu anayepoteza kila wiki, hivyo vinne ndivyo vinavyomfanya aamke Jumatatu kupanga kikosi.

Saa ndiyo itakayokusumbua kuliko yote. Mechi ya saa 1 jioni New York inaanza saa 8 usiku kwetu Oktoba, na wao wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba inakuwa saa 9 usiku. Za Los Angeles zinaanza watu wakiwa kwenye daladala. Taarifa ya mwisho kwamba mchezaji fulani hachezi mara nyingi hutoka nusu saa kabla ya mechi. Sasa kama ligi yako inaruhusu kubadili kikosi kila siku, mwanachama wenu aliyeko Minneapolis anaipata taarifa hiyo akiwa ametoka kazini, anamtoa majeruhi na kuingiza mwingine. Wa Mbagala amelala. Asubuhi anakuta sifuri. Hilo likijirudia wiki tatu, umeshampoteza.

Ndiyo maana msimu wa kwanza nakushauri kikosi kifungwe mara moja kwa wiki, Jumatatu. Kwa saa zetu mechi za Jumatatu huanza usiku wa kuamkia Jumanne, kwa hiyo kila mtu ana jioni nzima ya kupanga. Angalia tu Jumatatu ya tatu ya Januari, sikukuu ya Martin Luther King: siku hiyo mechi huanza mchana wa Marekani, na kikosi kinaweza kufungwa watu wakiwa mezani kwa chakula cha usiku. Tuma kikumbusho mapema. Na waonyeshe wageni ratiba ya wiki. Timu nyingi hucheza mechi tatu au nne kwa wiki, lakini zipo wiki ambazo timu inacheza mbili tu. Mchezaji wa kawaida mwenye mechi nne mara nyingi atakufaa kuliko nyota mwenye mbili, na kwa kujua hilo tu mgeni anaweza kumtoa jasho mzoefu.

Drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji kabla ya msimu, nayo ifanyie hesabu ya saa. Chaguo 130 kwa sekunde 90 kila moja ni zaidi ya saa tatu, na katikati yake umeme wa mtu utakatika na bando la mwingine litaisha. Chagueni ile ya polepole, ambayo kila mtu anapewa saa kadhaa kuamua, ikae siku tano au wiki. Mkiitaka ya moja kwa moja, tangaza 20:00 saa za Afrika Mashariki, kisha andika 19:00 kwa aliyeko Goma, 21:00 kwa aliyeko Muscat, na saa 6 mchana kwa yule wa Minneapolis. Usimwachie mtu ajikokotolee. Wageni watachagua kwa mapenzi, waache. Timu ya Memphis yenyewe, yenye wataalamu wa kulipwa, kwenye drafti halisi ya NBA ya mwaka 2009, ambako timu huchagua chipukizi kwa zamu, ilimchukua Hasheem Thabeet wetu kwa chaguo la pili, ikamwacha James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba.

Kuhusu kubadilishana wachezaji, usiwape watu kura ya kuzuia. Watazuia kila kinachomnufaisha mpinzani. Februari 2025 Dallas walimtoa Luka Dončić kwa Lakers, mchezaji mkubwa waliyempata akiwa Anthony Davis. Mabadilishano hayo yangeletwa kwenye grupu lolote la fantasi, yangepigwa chini ndani ya dakika tano. Mabadilishano mabaya ni haki ya mtu. Unachozuia wewe ni kupanga matokeo tu: mtu aliyekata tamaa anapomgawia rafiki yake nyota wake bure. Ukizuia, eleza sababu mbele ya wote.

Kiingilio, kama mnacho, kiwe kidogo, kilipwe kabla ya drafti, na kishikwe na mtu asiye na timu. Aliyeko Muscat atamtumia nduguye wa Temeke, naye atalipa kwa M-Pesa; weka skrinshoti kwenye grupu, maneno yaishe. Zawadi yote isiende kwa bingwa. Tenga kiasi cha bando kila wiki kwa aliyevuna vipengele vingi wiki hiyo. Wa mwisho naye hupata wiki yake moja ambayo kila mtupo unaingia.

Fainali yenu iishe kabla ya Aprili. Wiki za mwisho za msimu wa kawaida, timu zilizojihakikishia nafasi hupumzisha nyota, na zilizokwisha kukata tamaa hupoteza kwa makusudi kutafuta chaguo zuri la drafti. Tabia hiyo iliikera NBA yenyewe, mpaka mwaka 2019 ikasawazisha bahati nasibu yake ya kupanga nani achague kwanza kwenye drafti: timu tatu za mwisho zikapewa nafasi ya asilimia 14 kila moja ya kupata chaguo la kwanza. Nanyi msimzawadie wa mwisho kwa kuwa wa mwisho. Wale wanne wa chini wacheze mchujo wao Machi, na mshindi wake ndiye achague wa kwanza Oktoba ijayo. Liingize kwenye kanuni kabla ya drafti, kwa sababu ukilitangaza Februari, waliokosa mchujo mkuu kwa nafasi moja watasema umewabebea marafiki zako.