Siku sanduku lilipopandishwa melini

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni siku gani moja ya historia ya Marekani, katika karne ya 20, iliyogeuza maisha ya dunia nzima? Najua wengi watajibu Julai 1969, watu walipotua mwezini. Wengine watataja Novemba 1963, Kennedy alipopigwa risasi Dallas, na wapenzi wa uchumi watakumbuka Agosti 1971, Nixon alipokata uhusiano wa dola na dhahabu. Sibishani nao. Mimi natoa kura yangu kwa tarehe 26 Aprili 1956.

Siku hiyo, katika bandari ya Newark, New Jersey, meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga kuelekea Houston, Texas. Ilikuwa meli kuukuu ya mafuta, masalia ya Vita Kuu ya Pili. Juu ya sitaha yake walikuwa wameipangia masanduku 58 ya alumini, yale tunayoyaita leo makontena, kila moja likiwa ni bodi ya lori iliyoondolewa magurudumu. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, hakuwa baharia wala mhandisi. Alikuwa mtu wa malori kutoka North Carolina, mwenye kuchukia kuona gari lake limesimama foleni gatini huku saa zikienda bure.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, lazima ujue bandari ilivyokuwa kabla yake. Mimi naijua kwa masimulizi ya baba, aliyekuwa kuli Kilindini. Alianza kazi mwaka wa mgomo mkubwa wa Mombasa, 1955, ule ambao Tom Mboya alikuja kusuluhisha. Gunia la kahawa lilishushwa kutoka kwenye behewa likapangwa ghalani, likatolewa ghalani likawekwa kwenye wavu, winchi ikaliinua, na chini kwenye tumbo la meli wanaume wengine wakalipokea na kulipanga upya, gunia kwa gunia. Kisha yakaja marobota ya mkonge, kisha kreti. Meli ingekaa gatini wiki nzima na zaidi. Na magunia yalikuwa na tabia ya kupasuka, hasa yale ya sukari. Baba alikuwa akifika hapo anacheka, asiendelee.

New York mambo yalikuwa yale yale, ila mishahara ilikuwa mikubwa. Kwa hesabu za McLean na watu wake, kupakia tani moja ya shehena ya kawaida mwaka 1956 kuligharimu karibu dola 6. Kwenye Ideal X, tani moja ilipakiwa kwa senti 16 hivi. Rudia kusoma tarakimu hizo. Tofauti kama hiyo haikuachi salama, iwe una kiwanda, iwe unabeba magunia.

Hata hivyo dunia haikugeuka asubuhi yake. Kwa miaka kadhaa kila kampuni ilikuwa na sanduku la kipimo chake. Sanduku la huyu halikuingia kwenye behewa la yule, na kreni ya bandari hii haikulishika la bandari ile. Ilibidi miaka ya 60 wakae mezani, wakakubaliana juu ya futi 20 na futi 40, na juu ya zile pembe za chuma ambazo kreni hushikilia. McLean aliachia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya pembe zake itumike bila malipo, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipoonyesha akili kuliko siku ya Newark. Kisha ikaja vita ya Vietnam. Kuanzia 1967 kampuni yake, Sea-Land, ilipeleka makontena ya jeshi hadi Cam Ranh Bay, na meli zilikuwa zikirudi tupu. Akaona zipitie Japani, zijazwe bidhaa za kuuzwa Marekani. Serikali ilikuwa imeshalipia safari ya kwenda, kwa hiyo ya kurudi ikawa karibu faida tupu.

Tangu hapo kiwanda hakikuwa na sababu ya kukaa karibu na mteja. Magati ya Manhattan na Brooklyn, huko New York, yakafa, kazi ikahamia Newark na Elizabeth, ng'ambo ya pili, kwenye uwanja mpana wa kupanga masanduku. Magati ya zamani ya London nayo yakafungwa moja baada ya jingine, ya mwisho mwaka 1981.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno. Makuli wa Marekani walikuwa na vyama vyenye meno. Wale wa pwani ya magharibi walikubali mashine mwaka 1960 kwa masharti: mfuko wa fedha, na mzee astaafu mapema akiwa na kitu mkononi. New York walipata dhamana ya kulipwa saa 1,600 kwa mwaka hata kazi isipokuwepo. Kwetu makontena yalipoanza kuonekana, baba alikuwa kibarua wa siku. Hakufukuzwa. Aliendelea kwenda getini kila alfajiri, na siku ambazo jina lake halikuitwa zikazidi zile lililoitwa.

Nami ni wakala wa forodha, kazi yangu tangu 1994. Kila ninachokula kimetoka ndani ya futi 20 au futi 40. Sanduku lililomtoa baba getini ndilo lililonilipia nyumba, na sijawahi kupata namna nzuri ya kumwambia hivyo.

McLean mwenyewe sanduku halikumwacha salama. Aliagiza meli kubwa mno, za mwendo wa polepole ili kubana mafuta, wakati mafuta ni ghali, mafuta yakashuka bei, na mwaka 1986 kampuni yake ya wakati huo ikafilisika. Alipofariki mwaka 2001, meli za makontena zilipiga honi asubuhi ya maziko yake. Nilimsimulia baba habari hiyo tukiwa barazani. Akauliza, "Huyo ndiye mwenye masanduku?" Nikamwambia ndiye. Akakaa kimya kidogo, kisha akanituma ndani nikamwongezee sukari kwenye chai.