Pete ya Ragnaros na dhahabu 300: kiongozi wako hakukuonea

Mdogo wangu, kiongozi wako hakukuonea. Umeeleza kwamba kwenye mchezo wa World of Warcraft mlimwangusha Ragnaros, bosi wa pango la Molten Core, ikadondoka pete yake, Band of Accuria, nawe kwa hamu ukaandika kwenye gumzo la raidi, yaani kundi lenu la watu 40: "Natoa dhahabu 300, mniachie." Dakika haikuisha ukatolewa kundini. Unauliza kosa liko wapi, maana dhahabu ni yako, umeichuma mwenyewe, na mnadani watu wananunua silaha kila siku. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu biashara hiyo nimeifanya, tena mimi ndiye nilikuwa dalali.

Tuanze na sheria. Unacheza kwenye seva za maadhimisho ya miaka 20 ya World of Warcraft, zilizofunguliwa Novemba 2024. Humo GDKP ni marufuku, kama ilivyokuwa imeshapigwa marufuku kwenye toleo la msimu la mchezo huo, Season of Discovery, awamu yake ya pili ilipoanza Februari 2024. GDKP ni ule utaratibu wa kunadi vitu vinavyodondoka kwenye raidi kwa dhahabu ya mchezo, kisha mwisho wa usiku mfuko unagawanywa kwa wote walioshiriki. Ulipotaja bei mbele ya watu 39, kiongozi alikuwa na sekunde chache za kuonyesha kwamba raidi yake haina mnada. Angenyamaza, na mwingine akapandisha dau hadi 400, akaunti yake yeye ndiyo ingekuwa hatarini kwanza.

Mnada wa mjini ni habari nyingine. Kule unauza kitu kisichofungamana na mtu: mitishamba, vyuma, shoka uliloliokota njiani. Pete ya Ragnaros ikishaokotwa inafungamana na aliyeiokota, na kwa saa mbili tu anaweza kumkabidhi mtu aliyekuwepo bosi alipoanguka. Nafasi hiyo inasaidia kurekebisha makosa, kama kitu kimekwenda kwa asiyestahili. Sisi tuliokuwa madalali tuliigeuza kuwa duka.

Jina lenyewe lina historia. DKP (Dragon Kill Points) ni pointi za kuua joka. Zilianza mwaka 1999 kwenye mchezo wa EverQuest, katika gildi, yaani chama cha wachezaji, iliyoitwa Afterlife, na majoka yaliyozipa jina ni Lord Nagafen na Lady Vox. Watu wengi walikuwa wakigombania vitu vichache, wakaona heri kila anayehudhuria aandikiwe pointi, akitaka kitu anazitumia. Ukizitazama utaona uzuri wake: pointi haziuziki. Huwezi kuzipata bila kufika usiku ule, ukakaa, ukafa pamoja na wenzako mara sita kabla bosi hajaanguka. Baadaye watu wakaweka dhahabu mahali pa pointi, ndiyo hiyo G (gold) ya mbele. Na dhahabu inaweza kununuliwa na mtu ambaye hajawahi kufika.

Sasa yangu. Wakati wa Wrath Classic, toleo jingine la mchezo huohuo, mwanzoni mwa 2023, tulikuwa Waswahili watano kwenye seva moja ya Ulaya: wawili tuko Mombasa, mmoja Dar, mmoja Muscat, mmoja Leicester. Wakati huo GDKP haikuwa imekatazwa, na mimi niliendesha ya watu 25 kwenye raidi ya Ulduar kila Jumapili. Kila kitu kilichodondoka kiliingia mkobani mwangu, natangaza bei ya kuanzia, watu wanapandishiana, nahesabu tatu, kisha nafungua dirisha la biashara na mshindi. Usiku mmoja mfuko ulifika dhahabu 120,000. Nikatoa asilimia 10 yangu ya uongozi, 12,000, zilizobaki 108,000 nikazigawa kwa watu 24. Kila mmoja akaondoka na 4,500.

Sitakudanganya kwamba haikuwa na faida. Aliyekosa kitu alirudi nyumbani na chochote. Watu walikaa hadi mwisho, maana anayetoka mapema anakosa mgao. Na hakukuwa na ile ya kiongozi kumpa rafiki yake upanga huku akitafuta sababu. Nimewahi kuchezea gildi ambako mgao uliamuliwa na watu watatu wa ndani, na maumivu yake nayajua. Ndiyo maana GDKP ilienea. Watu walikuwa wamechoka kuonewa.

Lakini usiku huo wa 120,000, dhahabu 40,000 zilitoka kwa mtu mmoja. Alikuwa mchawi wa moto, mhusika wake ana wiki mbili tu, hajui hata asimame wapi moto ukija. Alinunua fimbo. Dada yetu wa Muscat, mponyaji ambaye hakuwahi kukosa Jumapili hata moja tangu tuanze, alikuwa ameweka akiba ya 9,000 kwa ajili ya fimbo hiyohiyo. Kazi moja ya kila siku ndani ya mchezo wakati ule ililipa takriban dhahabu 13. Piga hesabu: 40,000 ni zaidi ya kazi 3,000. Hakuna mtu wa wiki mbili aliyezifanya. Niliona tarakimu ile kwenye dirisha la biashara, nikajua, na nikabonyeza kukubali.

Dada akaniandikia pembeni: "Kaka, mimi siwezi kushindana na pochi ya mtu." Jumapili iliyofuata hakuja. Hakurudi tena.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia dhahabu inakotoka. Kuna boti, yaani programu zinazocheza zenyewe, zinazovuna dhahabu usiku na mchana bila mtu kwenye kibodi. Wenye boti wanauza dhahabu kwa pesa halisi, jambo ambalo limekatazwa kila seva na kila toleo. Mnunuzi haitaki dhahabu yenyewe, anataka fimbo, na pa kuipatia fimbo kwa haraka ni kwenye mnada wangu. Akishalipa, mimi naigawa kwa watu 24 wasio na hatia, nao wanaitumia kununua dawa na mitishamba, au wanarudi nayo wiki ijayo kupandisha dau. Dhahabu chafu iliingia ikiwa rundo moja, ikatoka mikononi mwangu vipande 24, na hakuna aliyeweza kukitazama kipande chake akajua kimetoka wapi. Mimi ndiye niliyekuwa naisafisha. Asiyenunua naye anabanwa, kwa sababu bei zinapanda na mapato yake yako palepale.

Kwa hiyo marufuku ilipotangazwa niliiunga mkono, na naiunga mkono hadi leo. Napenda pia kwamba ni nyembamba. Wachezaji wa zamani wa RuneScape, mchezo mwingine wa mtandaoni, watakumbuka Januari 2008, biashara huru ilipobanwa kwa kila mtu ili kuwakomesha wauza dhahabu. Hata kumpa rafiki zawadi kulikuwa na kikomo, na hali hiyo ilidumu hadi Februari 2011, iliporudishwa baada ya kura ya wachezaji. Huku kwetu bado unauza mitishamba, bado unamlipa fundi akutengenezee deraya. Kilichofungwa ni mlango mmoja, ule ambao pesa za nje zilikuwa zinapitia kwa wingi.

Utakutana na watu watakaokuonyesha njia za kichochoro: mlipane kwa mhusika mwingine, au utume "zawadi" kwa barua siku tatu baadaye. Usikubali. Biashara na barua za ndani ya mchezo zote zinaacha kumbukumbu, na atakayekuja kufungiwa ni wewe, aliyekufundisha ukiwa humwoni tena. Zaidi ya hayo, utakuwa unamfanyia mtu kile nilichomfanyia dada yule.

Mwandikie kiongozi wako, mwambie ulikuwa huijui sheria. Akiwa mtu mzima ataelewa. Asipoelewa, sisi tuko kwenye seva hizohizo upande wa Ulaya, kila Ijumaa saa nne usiku kwa saa za Mombasa. Kabla ya kuanza kila mtu anaandika kitu kimoja anachokitaka. Kikidondoka, walioandika ndio wanaorusha dadu, mbele ya wote, kwisha. Nimewahi kukosa pete hiyohiyo mara nne, na aliyenishinda mara ya mwisho alikuwa kijana aliyehudhuria wiki tisa mfululizo. Nafasi ya mwindaji iko wazi. Ukija, jina lako na pete viwe kwenye orodha kabla ya saa tatu na nusu.