OptiPlex 7010 ya gemu kwa laki tatu na nusu: soma pawa saplai kabla ya kununua kadi

Mkuu, umeuliza kama kompyuta yako ya Dell OptiPlex 7010 (prosesa i3-3220, RAM 4GB, diski ya 500GB) inaweza kufungwa kadi ya grafiki ya GTX 1060 uliyoiona soko la Mwanjelwa, icheze GTA V na PES 2021, na bajeti yako ni laki tatu na nusu. Hiyo 1060 iache. Kadi yenyewe ni nzuri, ila mashine yako haina umeme wa kuilisha.

Fungua boksi usome kibandiko cha pawa saplai. Boksi kubwa la kusimama (MT) lina wati 275, lile jembamba (SFF) lina 240, na yote mawili hayana waya wa pini 6 wa kadi ya grafiki. GTX 1060 inakula wati 120, wakati sloti ya PCIe (tundu refu linalopokea kadi) mwisho wake ni 75. Muuzaji atakwambia kuna kiwaya cha kugeuza plagi ya SATA (ya umeme wa diski) kuwa pini 6. Kikatae. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja inabeba ampea 1.5, jumla wati 54. Ukiilazimisha kubeba zaidi, plastiki inalainika, pini zinagusana, na hapo huna kadi wala mazabodi (bodi kuu ya kompyuta).

Boksi la MT lina unafuu mmoja: mazabodi yake inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ya ATX ya kawaida inaingia. Ndugu yake 9020 anatumia pini 8 za Dell wenyewe, na HP EliteDesk 800 G1 pini 6, hao lazima uwatafutie kiwaya maalumu. Ila mimi nisingebadilisha. Pawa saplai ya kichina nyepesi kama boksi la biskuti iliyoandikwa "500W" siiamini kuliko hiyo ya Dell ya 275.

Kadi ya kutafuta ni GTX 1050 Ti ya 4GB isiyo na tundu la pini 6. Inakula wati 75 zote kupitia sloti. Kama pesa haifiki, GTX 750 Ti ya 2GB, wati 60. GT 1030 usiiguse mpaka uhakikishe memori yake ni GDDR5, maana kuna toleo la DDR4 lenye jina lilelile na kasi ya memori ni kama theluthi tu. Kama boksi lako ni SFF, kadi lazima iwe fupi (low profile) na ije na bati lake fupi la kufungia nyuma, la sivyo mfuniko haufungi.

Feki zipo nyingi. Wanachukua GTS 450 ya zamani, wanaibadilishia BIOS (programu ya ndani ya kadi) ijitambulishe kama 1050 Ti. Nenda na GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kwenye flashi, iendeshe hapohapo dukani. Kadi za aina hiyo matoleo ya karibuni ya GPU-Z huziandikia FAKE mbele ya jina. Hata bila programu, geuza kadi utazame matundu: chipu ya 1050 Ti haitoi VGA, kwa hiyo ukiona tundu la bluu la VGA tilia shaka.

Na hapo ndipo wengi wanakwama wakifika nyumbani, kwa sababu monita za mtumba nyingi ni za VGA. Kile kiplagi kidogo cha DVI kwenda VGA hakifanyi kazi na 1050 Ti, kwa kuwa tundu lake la DVI halina pini za analogi. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi kama zamani.

Kadi iingie sloti ndefu iliyo karibu na prosesa. Ya pili ni ndefu vilevile lakini nyaya zake ni za x4 tu, robo ya ile ya kwanza. Sukuma mpaka kilachi cha mwisho wa sloti kilie "tak". Kabla ya hapo pandisha BIOS ya mashine yenyewe hadi toleo la A29.

Yanayobaki ni mepesi. RAM: ongeza 4GB ya DDR3 ya desktop, ziwe mbili zinazolingana kwenye sloti zenye vibanio vyeupe. RAM za seva zinauzwa rahisi ila hapa haziwaki. SSD (diski ya kasi) ya 240GB ichomeke tundu la SATA0, ile ya zamani ibaki kutunzia mafaili. Prosesa ije mwisho: i5-3470 ya mtumba, ambayo ndiyo kima cha chini cha PES 2021. Ukiibadilisha, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu yake kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya harage dogo. Kwenye GTA V zima MSAA (ya kulainisha kingo za picha) na ushushe ubora wa nyasi. Ujue tu kwamba kizazi hiki cha tatu cha prosesa za Intel hakina AVX2 (seti ya amri za prosesa), kwa hiyo baadhi ya gemu mpya hazitafunguka hata ukiweka kadi gani.

Julai hapa Mbeya hewa ni kavu na kila mtu yuko ndani ya sweta la sufu. Livue kabla ya kushika RAM, na uguse bati la boksi kwanza. Umeme tuli unaua chipu bila hata kuuona.

Na ukiagiza mashine nzima Kariakoo ije kwa basi, mwambie muuzaji achomoe kadi na aifunge peke yake kwenye sponji. Kuanzia Kitonga mpaka Uyole kadi nzito inacheza kwenye sloti, na ikifika imepinda utalaumiana na watu wa basi bure.